Miche ya liki inalala chini baada ya kuhamishwa, nakosea wapi?

Dada wa Njoro:
Wadau hamjambo. Nina kipande kidogo hapa Njoro. Mwezi Machi mvua ilipoanza niliogopa kuchelewa, nikahamisha miche ya liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, ikiwa na wiki 5, myembamba kama uzi. Nikaipanda na kushindilia udongo kama ninavyofanya na sukuma wiki. Haikupita wiki mbili, mstari mzima ulikuwa umelala. Niliumia sana, mbegu nilinunua kwa pesa za maziwa. Sasa nina kitalu kingine cha wiki 7. Naombeni mwongozo kabla sijarudia kosa.

Mama wa Molo:
Pole sana mwanangu. Sukuma ya wiki 5 iko tayari, lakini liki ya umri huo bado ni mtoto mchanga. Huku kwetu kwenye baridi naipa wiki 10 hadi 12. Hata hivyo wiki zisikudanganye, shika mche wenyewe: uwe mnene kama penseli, urefu sentimita 20 hivi.

Siku ya kupanda chonga mti unene wa mpini wa jembe, toboa shimo la sentimita 15, dondosha mche ndani, ncha za majani zichungulie juu. Sasa hapa ndipo wengi wanaharibu: usirudishe udongo! Jaza shimo maji, basi. Maji yatateremsha udongo wa kutosha kufunika mizizi. Ile nafasi inayobaki ndiyo shina linanenepea, halafu mvua na palizi zinaijaza polepole. Sehemu iliyofichwa jua inakuwa nyeupe, na mnunuzi anatafuta huo weupe.

Mkulima wa Bahati:
Mama amemaliza. Mimi naulizia kitalu: mbegu ulizimwaga ovyo au kwa mistari? Miche ikibanana itabaki uzi hata ukingoja miezi minne. Ipunguze, iachane sentimita 2 hivi. Unayong'oa tia kwa mboga, ni tamu. Na usipande palipotoka vitunguu msimu uliopita, thripsi (wale wadudu wadogo wa majani) na magonjwa ya ukungu ni yale yale.

Jirani wa Kuresoi:
Kuna wanaokata majani nusu kabla ya kupanda. Mimi siyakati, mche unayahitaji upate nguvu. Napunguza mizizi mirefu tu, isijikunje shimoni.

Mama wa Molo:
Jua likiwa kali mimi nakata ncha kidogo, mche usinyauke. Kukiwa na mawingu naacha.

Dada wa Njoro:
Asanteni kwa moyo wote. Nimeishika, haijafika hata nusu ya penseli! Nimepunguza jioni hii, kumbe ilikuwa imesongamana vibaya. Mama, swali moja: udongo wangu ni mwepesi, shimo linabomoka nikitoa tu mti.

Mama wa Molo:
Mwagilia shamba jioni, upande asubuhi yake, udongo mbichi hushika. Ukikataa bado, piga mfereji wa kina hicho hicho, panda chini kabisa, mche na mche sentimita 15, mfereji na mfereji 30 au zaidi upate pa kupitisha jembe. Udongo urudishie kidogo kidogo kadiri liki inavyopanda, usiingie katikati ya majani, la sivyo utakula mchanga.