Maktaba ipi ya zana yafaa kwa Lisp ya kila siku?

Mwana wa Shela:
Assalamu aleikum. Naandika programu kwa Common Lisp, lugha ya kompyuta, ya kuweka hesabu za kikundi chetu cha wavuvi hapa Lamu: nani ameleta samaki aina ya changu kilo ngapi, nani tasi, na nani adaiwa mafuta ya mashine. Kila wiki najikuta natunga upya zana zile zile, kama vile kutoa funguo zote za jedwali (hash table, liwekalo thamani chini ya ufunguo), kusoma faili nzima kwa mkupuo, au kuikunjua orodha iliyo ndani ya orodha, ambayo nimeiita flatten. Isitoshe, jana nimekesha kwa sababu kila nikiliuliza jedwali habari za "changu" lanijibu NIL, yaani hakuna kitu, ilhali neno hilo nimeliingiza kwa mkono wangu. Je, niendelee kujitungia, au kuna maktaba, yaani mkusanyo wa zana zilizokwisha tungwa, ya kutegemea?

Fundi wa Langoni:
Waaleikumu salaam, ndugu yangu. NIL hiyo haihusiani na maktaba. Jedwali la make-hash-table, usipolipa kigezo, hulinganisha funguo kwa kipimo kiitwacho eql, na kwa eql maandishi mawili yenye herufi zile zile huwa vitu viwili mbalimbali. Liundie :test 'equal, kipimo kinachotazama herufi zenyewe, na changu ataonekana. Kwa hayo mengine, chukua maktaba iitwayo Alexandria: hash-table-keys, read-file-into-string na hata flatten zimo, nayo haitegemei maktaba nyingine yoyote. Utaipenda when-let, ambayo huipa thamani jina na kuendelea ikiwa si NIL. Tahadhari moja tu: katika Lisp sifuri si uongo, kwa hiyo mvuvi mwenye deni la sifuri atapita kama mwenye deni. Na kabla ya kutafuta zana, kumbuka kwamba gethash yenyewe, amri ya kuliuliza jedwali, hupokea thamani ya kuanzia. Ukiitia ndani ya incf, amri ya kuongeza, na kuipa sifuri, kilo zajumlishika bila maktaba.

Mwanagenzi wa Malindi:
Naongeza maktaba ya Serapeum, iliyotungwa kuikamilisha Alexandria. Dict yake huunda jedwali la equal tangu mwanzo, na assort hupanga vitu kwa makundi, jambo litakalokufaa kwa aina za samaki. Huvuta maktaba nyingine kadhaa, lakini Quicklisp, chombo cha kupakua maktaba za Lisp, ikishazipakua mara moja hukaa kwenye diski, basi zipakue siku ambayo mtandao ni mzuri.

Fundi wa Langoni:
Nimesahau lililo kubwa. Usiiingize Alexandria nzima kwa :use ukiwa bado na flatten yako, kwani jina litakuwa moja, na defun yako (amri ya kutunga zana) itaifuta ile ya maktaba kwa kila programu inayoitumia ndani ya kikao hicho. Andika :import-from na utaje majina unayoyahitaji pekee.

Mwana wa Shela:
Ahsanteni sana. Nimeweka equal, na changu wametokea, kilo 14 za jana. Flatten yangu nimeifuta, nimeleta majina matatu tu kutoka Alexandria, na Serapeum nitaipakua nikivuka kwenda Mokowe.