Maharage yenye samadi yamekuwa mafupi kuliko yasiyo na samadi. Nibadilishe namba?

Binti_Kidato3

Shikamooni wakubwa. Nasoma kidato cha tatu hapa Iringa. Tumepewa mradi wa biolojia, kila mmoja abuni jaribio lake. Nadharia tete yangu ilikuwa kwamba maharage yaliyowekewa samadi ya ng'ombe yatakua haraka kuliko yasiyowekewa. Nilichukua makopo sita ya maziwa ya unga, nikayatoboa chini kwa msumari, nikajaza udongo wa bustani ya shule. Matatu nikachanganya samadi, matatu nikaacha udongo mtupu. Kila kopo mbegu moja, kila asubuhi maji kikombe kimoja.

Leo ni siku ya 21. Yasiyo na samadi yana sm 11, 12 na 13. Yenye samadi yana sm 9 na 7, na kopo moja halijaota kabisa, nimeliandikia sifuri. Wenzangu wanasema nigeuze tu namba, maana kila mtu anajua samadi inakuza mimea na mwalimu atanikata alama. Jana usiku nimelia. Ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi wa nane. Naombeni ushauri.

Mpita_Njia

Mdogo wangu, andika kinachotakiwa. Anayesahihisha ana majibu yake tayari. Usijitafutie matatizo.

Mwalimu_wa_Maabara

Marahaba mwanangu. Usiguse hata namba moja. Futa machozi, kisha nijibu maswali matatu, na unijibu kama ilivyokuwa, si kama ilivyotakiwa iwe. Makopo yalikaa wapi siku zote hizo 21? Samadi uliitoa wapi, na ilikuwa na hali gani? Mbegu ipi iende kopo lipi, uliamuaje?

Binti_Kidato3

Asante mwalimu. Mwanzoni yote yalikuwa kwenye kibaraza cha maabara, upande unaopigwa na jua. Siku ya tatu mwalimu wa zamu akasema yale ya samadi yananuka na yanaleta nzi, nikayahamishia nyuma ya jengo karibu na tangi la maji. Samadi nilichota zizini kwa jirani, ilikuwa bado na unyevu. Mbegu nilianza na makopo yasiyo na samadi, nikachukua zile kubwa zilizokuwa juu, zilizobaki nikaweka kwenye samadi. Sikujua kama ni muhimu.

Mwalimu_wa_Maabara

Ni muhimu kuliko kitu chochote ulichotuandikia, na nafurahi umekisema.

Angalia. Ulitaka safu mbili za makopo zitofautiane kwa jambo moja tu, samadi. Zimetofautiana kwa matatu. Safu moja imepata jua, nyingine imekaa nyuma ya jengo, na mwezi huu wa saba jua limeelemea kaskazini, kwa hiyo upande wa kusini wa jengo unashinda kivulini na baridi yote ya Iringa. Safu moja imepata mbegu kubwa, nyingine mabaki. Halafu ndiyo samadi. Kivuli kinaweza kuunyima mche chakula ukadumaa, na kinaweza pia kuufanya urefuke ukitafuta mwanga huku umepauka. Kwa hiyo ukisema "samadi imefupisha maharage", mtu akikuuliza "kwa nini si kivuli, kwa nini si mbegu?" huna la kumjibu. Hata kama yale ya samadi yangekuwa marefu, usingekuwa na la kumjibu. Hapo ndipo wenzako wanapokosea: wanadhani kosa liko kwenye namba. Namba ziko sawa kabisa. Kilichopinda ni mpangilio.

Ile sifuri iondoe kwenye wastani. Mbegu ambayo haijaota si mche wenye urefu wa sm 0. Ukiiingiza, wastani wa samadi unashuka kutoka 8 hadi 5.3, na hapo umechanganya maswali mawili, la kuota na la kukua. Andika wazi: bila samadi zimeota 3 kati ya 3, wastani sm 12, kwa samadi zimeota 2 kati ya 3, wastani wa zilizoota sm 8. Msomaji aone yote.

Mpita_Njia, ndugu yangu, nakuomba usimpe mtoto ushauri huo. Nimesahihisha daftari za titresheni (kudondosha asidi kwenye besi kidogo kidogo mpaka rangi ibadilike, kisha kusoma ujazo uliotumika) ambazo kikundi kizima kimeandika ujazo uleule hadi desimali ya mwisho, ilhali nilikuwa nimesimama hapohapo nikiona mmoja amepitiliza mpaka chupa yake imekuwa nyekundu. Watoto hawa hawakuwa waongo. Walifundishwa kwamba jibu liko kitabuni na mikono yao haina thamani, na mimi hilo linaniuma.

Binti, unamjua Erasto Mpemba? Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu kama wewe, Magamba, kule Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndipo unayaingiza kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa inakwisha, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, hapohapo Iringa kwenu, akamuuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Chuo Kikuu Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar jaribio likafanyika, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Sasa sikiliza na sehemu ambayo watu huwa hawaisimulii. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia jaribio hilo kwa uangalifu na hawakuona maji ya moto yakiwahi kupoa kuliko ya baridi kwa namna ya kuaminika. Waligundua pia kwamba kipimajoto kikikaa juu au chini kwa sentimita moja tu ndani ya chombo, kinaweza kukuonyesha tofauti ambayo chanzo chake si joto la mwanzo. Sentimita moja! Wewe umehamisha makopo kutoka kibarazani hadi nyuma ya jengo. Na bado hakuna aliyesema Mpemba angefuta alichokiona. Watu wanaendelea kubishania aiskrimu yake mpaka leo kwa sababu aliisema kama ilivyokuwa.

Bibi_Shamba_Mufindi

Mwalimu amemaliza upande wake, mimi naongeza la shambani. Mwanangu, samadi uliyochota zizini ikiwa na unyevu ni mbichi. Ikiwa inaoza inatoa amonia, inaweza kuunguza mizizi na hata kuua mbegu kabla haijatokeza. Tafuta iliyokwisha kuoza, nyeusi, inamomonyoka mkononi kama udongo na haina harufu kali. Hiyo hata mwalimu wa zamu hatailalamikia. Sehemu moja ya samadi kwa tatu za udongo.

Halafu, kwa nini maharage? Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, kwa hiyo yana njia ya kujipatia sehemu ya mbolea yake. Ukitaka kuiona samadi ikifanya kazi, panda mahindi au mchicha.

Binti_Kidato3

Nimeelewa, nitarudia kwa mahindi. Makopo ninayo sita tu.

Mwalimu_wa_Maabara

Kata chupa za maji za lita moja na nusu, dukani zimejaa. Tafuta 20, kumi kwa kumi, maana mmea mmoja ukifa kwenye kumi bado una tisa. Zote zikae kibarazani. Zipe namba 1 hadi 20, andika namba kwenye vikaratasi, kunja, tia kwenye kofia: kumi za kwanza kutoka ndiyo za samadi. Fanya kura nyingine ya nani akae wapi. Usichague kwa macho, macho yanapendelea. Mbegu zichanganye kwenye bakuli, uchukue bila kutazama. Usipime urefu peke yake, hesabu na majani. Na mpe mwenzako rula apime bila kujua ipi ina samadi.

Lile la kwanza usilitupe. Lianze ripoti yako, na uandike kwa nini umelirudia.

Binti_Kidato3

Nimepata chupa 18, kwa hiyo tisa kwa tisa. Nimepiga kura jioni hii na rafiki yangu, yuleyule aliyeniambia nigeuze namba. Za samadi zimetoka 2, 3, 5, 8, 9, 11, 14, 15 na 18. Namba 8 na 9 zimeangukia pembeni kabisa ambako jua huwahi kuondoka, nikataka kuzisogeza, akanishika mkono.

Mwalimu_wa_Maabara

Mwambie asante. Ziache hapohapo, ila chora ramani ya kibaraza kwenye daftari uonyeshe kila namba ilipokaa.