Naomba ushauri: sinia imara la kubebea mabonge ya barafu bila kudondosha maji (Bukavu)

Mama wa Nguba

Salamu kwenu wote. Ninagandisha barafu nyumbani Nguba, katika kongelateri (friza) moja, ndani ya mabeseni ya plastiki, na kuiuza kwa wauza vinywaji na kwa majirani wenye sherehe au msiba. Kila bonge lina urefu wa takribani sentimita 35, upana wa 25 na kimo cha 15, na uzito wake hukaribia kilo 12. Kugandisha hakunisumbui, maadamu umeme upo. Kinachonisumbua ni kubeba. Nyumba yetu iko bondeni, na ili kufika barabarani ni lazima kupanda ngazi za saruji ambazo tunazitumia pamoja na familia nyingine. Kwa sasa kijana wangu hulibeba bonge ndani ya gunia, juu ya sinia pana la bati, na kila anapoliinamisha maji humwagika ngazini. Majirani wananung'unika, nao wana haki, kwa kuwa wazee na watoto hupita hapo hapo. Akifika barabarani, dereva wa pikipiki akiona maji yanachuruzika kwenye kiti chake, anakataa mzigo au anadai nauli ya watu wawili.

Ninatafuta namna ya kutengenezesha sinia ambalo mtu mmoja ataweza kulibeba ngazini, kisha likafungwa nyuma ya pikipiki hadi masoko ya Nyawera au Kadutu, bila kudondosha maji. Fundi mmoja ameniambia niongeze tu ukingo na kulehemu pembe. Sina hakika kama hilo linatosha, maana hata sinia la sasa, ambalo halijatoboka popote, huwa lina matone upande wa chini. Ninaomba mnisaidie kabla sijatoa pesa.

Kijana wa Essence

Mama, shikamoo. Mimi ninauliza swali dogo tu: kwa nini unalitoa bonge ndani ya beseni? Ukilibeba likiwa humo humo na kufunika, maji yatabaki ndani.

Mama wa Nguba

Marahaba, mwanangu. Mabeseni ni machache, na kila moja lazima lijazwe na kurudi kwenye kongelateri saa ile ile, kwa sababu hakuna ajuaye umeme utakatika lini. Beseni likienda sokoni linarudi jioni, na pengine linarudi limepasuka.

Mwalimu wa Fizikia

Mama, matone uliyoyaona chini ya sinia lisilotoboka ndiyo yanayoeleza kwa nini ushauri wa fundi wako hautoshi. Katika kubeba barafu kuna maji ya namna mbili. Ya kwanza ni yale ya barafu inayoyeyuka. Ya pili hayatoki kwenye barafu kabisa: ni mvuke uliomo hewani, ambao hugeuka umande unapogusa bati baridi, kama unavyoona kwenye chupa iliyotoka kwenye friji. Hewa yenye joto la digrii 25 na unyevu wa asilimia 70, ambayo si ya ajabu katika mji wetu wa kando ya ziwa, huacha umande juu ya kitu chochote chenye digrii zilizo chini ya 19 hivi. Bati lililobeba barafu linakaribia sufuri. Kwa hiyo hata ukilehemu pembe zote kwa ustadi wa hali ya juu, sinia litaendelea kutoa jasho kwa nje, na jasho hilo ndilo litakalomlowesha dereva. Dawa yake ni kuzuia baridi isifike kwenye uso wa nje, yaani kuweka kizuizi cha joto kati ya bati na hewa.

Kuhusu kiasi cha maji, nimefanya makadirio. Kilo moja ya barafu huhitaji kilojuli 334 za joto ili iyeyuke. Bonge lenye vipimo vyako, likiwa wazi katika hewa tulivu ya digrii 25, hupokea takribani wati 90, na hilo ni sawa na kupoteza karibu kilo moja kwa saa. Upepo wa pikipiki huongeza zaidi. Likizungukwa pande zote na frigoliti (lile povu jeupe jepesi la plastiki) ya sentimita 4, joto linaloingia hushuka hadi wati 12 hivi, na maji yanayotoka huwa kama gramu 130 kwa saa. Tukihesabu mianya, tuseme 200. Sinia lako likiweza kushika lita moja na nusu bila kumwaga, litakuwa na nafasi ya kutosha hata pikipiki ikikwama njiani.

Jambo moja la mwanzo kabisa: msilitoe bonge kwa kumwagia beseni maji ya moto. Barafu iliyotoka sasa hivi kwenye digrii 18 chini ya sufuri ina akiba ya baridi, na hukaa kitambo kabla haijaanza kutiririka. Ukiimwagia maji ya moto unaianzishia safari ikiwa tayari inachuruzika. Maji ya kawaida kidogo kwenye kitako cha beseni yanatosha, kisha liache bonge lichuje maji kabla ya kulipakia.

Fundi Bati, Kadutu

Nimesoma maneno ya Mwalimu na ninakubaliana naye, ila bati lenyewe nalo lisidharauliwe. Mama, usikubali pembe za kulehemu kwa umeme kwenye bati la zinki. Moto ule unachoma zinki yote mahali pa kiungo, moshi wake unamtia fundi homa, na baada ya muda mfupi kutu inaanzia hapo hapo. Ukilazimika kuunganisha, tumia lehemu ya stani isiyo na risasi ndani yake, kwa sababu barafu hii inaingia kwenye glasi za watu.

Lakini mimi ningekutengenezea sinia lisilo na kiungo chochote mahali maji yanapofika. Chukua bamba moja la alumini lenye unene wa milimita 1, sentimita 70 kwa 60. Kutokana na hilo unapata sinia la 50 kwa 40, lenye ukingo wa sentimita 8 na mdomo wa sentimita 2 uliokunjwa kuelekea ndani ili maji yakiruka yarudi. Pembe hazikatwi. Unakunja kingo ndefu, na bati linalobaki pembeni unalibana liwe sikio la pembetatu, kisha unalilaza kwa nje juu ya ukingo mfupi na kulishika kwa ribiti moja karibu na ukingo wa juu. Mkasi unaruhusiwa pale juu tu, kwenye ule mdomo. Mikunjo isiwe mikali mno. Alumini ngumu ikikunjwa kwa kona kali hupasuka ufa mwembamba ambao jicho halioni, na maji huuona. Bamba la alumini la kipimo hicho lina uzito wa kilo moja na kidogo, wakati la chuma lenye unene uo huo lina zaidi ya kilo tatu. Kwa mtu anayepanda ngazi, kilo mbili si kitu kidogo.

Muuza Sambaza

Mimi ninatumia barafu kwa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na sanduku langu lina bomba dogo pembeni, lenye mpira unaoingia kwenye bidoni (dumu). Maji yanatoka yenyewe na samaki hawaogelei. Kwa nini msimwekee Mama kitu kama hicho?

Fundi Bati, Kadutu

Kwa sanduku linalokaa mahali pamoja sokoni, bomba ni jambo jema. Kwa sinia linalopandishwa ngazi na kurushwarushwa na mashimo ya barabara, kila tundu ni mahali pa kuvujia kesho. Mpira wa bomba hukauka, nati hulegea, na utakuwa umerudi kwenye matone yale yale. Mama atayamwaga maji yake mwisho wa safari kupitia pembe moja. Halafu, ndugu yangu, naomba pia sanduku la samaki lisiazimwe kwa barafu ya vinywaji, wala la vinywaji kwa samaki.

Kijana wa Essence

Fundi, ukingo wa sentimita 8 si mrefu kupita kiasi? Nilidhani 4 zingetosha, maana maji ya lita moja na nusu katika sinia la 50 kwa 40 hayafiki hata sentimita moja.

Mwalimu wa Fizikia

Hayafiki sentimita moja sinia likiwa limelala sawasawa, na mahali palipolala sawasawa katika Bukavu hapatafutwi kwenye ngazi. Sinia likiinama kwa digrii 20 kuelekea upande wake mfupi, lita hiyo moja na nusu hukusanyika yote kwenye kona ya chini na kupanda hadi sentimita 5 na kidogo. Ukingo wa 4 umekwisha kumwaga. Ukingo wa 8 unabakiza karibu sentimita 3 kwa ajili ya mishtuko. Fundi amepima vizuri.

Seremala wa Bagira

Basi niongeze upande wangu. Sinia la Fundi liingie ndani ya kasha la tripleksi (plaiwudi) ya milimita 9, na kati yake na mbao kuwe na frigoliti ya sentimita 4, chini na pande zote nne. Frigoliti hiyo ifungwe kwanza ndani ya karatasi ya plastiki na kubandikwa vizuri, kwa sababu ikinywa maji inapoteza kazi yake na kuanza kunuka. Kwa nje kasha litakuwa na takribani 60 kwa 50.

Vishikio ndivyo ninavyotaka msikilize kwa makini. Vifungwe kwenye mbao peke yake. Niliwahi kuletewa kasha la namna hii ambalo bolti zake zilipenya mbao, frigoliti na bati mpaka ndani. Kasha lote lilikuwa kavu kabisa, isipokuwa chini ya kila kichwa cha bolti palikuwa na tone moja linaning'inia. Likianguka, baada ya muda jingine linajitengeneza hapo hapo. Chuma kilikuwa kinaleta baridi nje. Tena vishikio viwe juu, karibu na ukingo wa kasha, ili uzito wa barafu uning'inie chini ya mikono na kasha lisipinduke.

Ndani ya sinia kuwe na kichanja cha mbao chenye kimo cha sentimita 2, sentimita 45 kwa 35, ili bonge lisikae ndani ya maji yake. Vipande vya chini vya kichanja vikatize upande mrefu, na kila kimoja kiachiwe upenyo mdogo: maji yatapita taratibu, lakini dereva akifunga breki hayatakimbia yote mbele kwa mkupuo. Ncha mbili za kichanja ziwe na vizuizi, kwa sababu barafu iliyolowa huteleza kuliko sabuni, wala usizipake rangi. Mbao ya mkaratusi tunayo tele, lakini iwe imekauka kweli. Mbichi itajikunja na bonge litayumba.

Juu yake iwekwe kofia ya frigoliti ya sentimita 4, iliyofunikwa kwa plastiki, yenye nje ya 45 kwa 35. Ikae juu ya kichanja, ndani ya ukingo wa sinia. Watu wengi huvalisha kofia kwa nje, na hapo maji yanayoshuka kwenye kuta zake hutokea barabarani. Ikiingia ndani ya ukingo, kila tone linarudi kwenye sinia.

Mpita Njia

Frigoliti ya kununua ya nini? Maranda na unga wa mbao seremala hutupa bure.

Mwalimu wa Fizikia

Wazo lako lina historia nzuri. Mwaka 1833 mfanyabiashara Frederic Tudor alisafirisha barafu iliyokatwa ziwani Marekani kutoka Boston hadi Calcutta, India, kwa meli, safari ya miezi minne hivi, na katika biashara yake ya barafu unga wa mbao ulitumika sana kuikinga. Unaweza kuujaza kati ya kasha na sinia, ukiwa mkavu na umefungwa ndani ya plastiki, lakini utahitaji unene wa karibu mara mbili ya frigoliti ili upate kinga ile ile, na kasha litakuwa pana mno kwa pikipiki. Ukilowa haufai tena. Kumwaga unga huo juu ya barafu yenyewe kusifikiriwe, maana utaishia kwenye glasi.

Muuguzi

Niseme neno moja kuhusu usafi, kwa kuwa mmelipita haraka. Kugandisha hakuui vijidudu vyote, na hapa Kivu kipindupindu tunakijua. Maji yachemshwe au yatiwe klorini kabla ya kugandishwa, na kichanja kioshwe na kuanikwa juani kila siku.

Mama wa Nguba

Nawashukuru sana, Mwalimu, Fundi, Seremala na wengine wote. Maji yangu huchemshwa, Muuguzi, na kichanja nitakianika. Nimeandika vipimo vyote na nitaanza na kasha moja. Nimejumlisha uzito: bonge, alumini, mbao na kichanja vinafika kilo 17 au 18, na kijana wangu anasema ataweza, mradi vishikio visimkate vidole. Limebaki swali la pikipiki: nifunge vipi ili kofia isiruke na sinia lisiinuke?

Dereva wa Nyawera

Mama, kasha likae kwa upana, lile la sentimita 60 likikatiza kiti, ukipenda chini yake kuwe na kipande cha mpira wa gurudumu ili lisiteleze. Kamba mbili za mpira zipite juu ya kofia, lakini zikamatwe kwenye kulabu zilizopigwa kwenye mbao, halafu kamba nyingine mbili ndizo zifunge kasha na chuma cha pikipiki. Ukifunga kofia moja kwa moja na pikipiki, kamba zikivutwa kwenye shimo frigoliti inavunjika. Likiwa kavu chini kama walivyosema, nitakubebea kwa nauli ya mzigo wa kawaida. Mwambie Seremala akatize vipande vya kichanja kufuatana na jinsi kasha litakavyokaa kwenye kiti, maana alivyoeleza yeye alidhani litakaa kwa urefu.

Seremala wa Bagira

Ni kweli. Likikaa kwa upana, vipande vya chini nitavilaza sambamba na upande mrefu. Mama, niletee sinia likishatoka kwa Fundi, kabla sijakata mbao yoyote.