Dawa imejaribiwa Kilifi, mimi Malindi naigawa kwa ncha ya kisu

Ndugu zangu, leo nimechoka na nina hasira. Mwanangu ana miaka minne, ana seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kila jioni ya pili nafungua kapsuli ya haidroksiyurea, dawa yake, ya miligramu 500, namwaga unga kwenye kisahani, naukata katikati kwa ncha ya kisu: nusu ya leo, nusu ya kesho. Dawa hiyo hiyo hupewa wagonjwa wa saratani. Unga wake haufai kushikwa ovyo, na mimi nina mimba ya miezi mitano.

Vidonge vya watoto vya miligramu 100 vipo duniani. Nimevitafuta Malindi yote, Watamu, mpaka Mombasa. Mwenye duka la mwisho akaniambia, "Mama, hakuna anayevileta." Akanieleza: dawa haisajiliwi mpaka kiwanda chenyewe, au wakala wake, kilete maombi. Kisipoona faida kwetu, faili haliji, na hakuna wa kukiuliza.

Hakuna wa kukiuliza! Ulaya waliiidhinisha kwa watoto wa seli mundu 2007, Marekani 2017. Na hapo Kilifi, saa moja kwa matatu, watoto wetu walitiwa kwenye utafiti wa dawa hii pamoja na wenzao wa Uganda, Angola na Kongo ya Kinshasa. Watoto 606 waliinywa. Majibu yalitoka mwisho wa 2018: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, kuongezwa damu kukapungua, na vifo pia. Damu ya kupima ilitoka mikononi mwa watoto wa Pwani.

Basi sheria ibadilishwe. Anayetaka kujaribu dawa kwa watoto wetu aahidi kwa maandishi, kabla ya sindano ya kwanza, kwamba ikifaa ataleta maombi ya usajili hapa, na ya kipimo cha mtoto. Serikali nayo isingoje kuletewa, iite kiwanda. Ukaguzi wa dawa uliokwisha fanywa nchi nyingine uazimwe, na tarehe ya jibu itangazwe.

Msinijibu kwamba nataka dawa zipitishwe ovyo. Voxelotor, nayo ya seli mundu, Marekani waliipitisha kwa njia ya haraka 2019. Septemba 2024 kiwanda kikaiondoa dunia nzima, kwa sababu ya vifo vilivyoonekana kwenye utafiti. Jambo hilo linanikosesha usingizi mimi kabla yenu. Dawa yoyote ikaguliwe sana, lakini kwanza iletwe ikaguliwe.

Mwenye mtoto anayetumia haidroksiyurea, awe Lamu, Mpeketoni au hapa Malindi, aandike: wewe nyumbani unaipimaje?