Madodoso 37 yalipikwa bwenini usiku mmoja, tukapewa 17 kwa 20. Haya makundi ya vyuoni ni ya kazi gani?

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile za "elimu imeshuka", maana hapa naongelea jambo moja tu lililonikuta mimi, hapahapa Dodoma, na mpaka leo limenikaa kooni. Ni ndefu. Asiye na bando apite salama.

Mimi ni binti wa mwaka wa tatu, chuo sikitaji. Muhula uliopita tulikuwa na somo la mbinu za utafiti. Darasa lina watu hadi wengine wanakaa kwenye ngazi. Mwalimu akatangaza: makundi ya watu kumikumi, kila kundi litafute tatizo, litunge dodoso, liende uwandani, lichambue, liandike ripoti, liwasilishe. Alama 20 za kozi weki (zile za kabla ya mtihani wa mwisho). CR (kiongozi wa darasa) akabandika orodha kwa namba za usajili, ikawa imeisha. Hakuna aliyetuambia watu kumi wasiojuana wanaanzaje kufanya kazi moja. Nani anaongoza, nani akizembea anafanywa nini, mkibishana mnaamuliwa na nani. Mwalimu anataka asahihishe ripoti chache, hilo naelewa, watu ni wengi na yeye ni mmoja. Ila asiniambie eti "mnajifunza ushirikiano". Ushirikiano gani?

Mnalijua lile kundi la WhatsApp la asaimenti? Jumatatu nikaandika, "Habari zenu wapendwa, tukutane lini?" Wote wakasoma. Kimya. Jumatano mmoja akatuma stika ya mbuzi anacheka. Alhamisi ndiyo akaibuka jamaa mmoja, tumwite Slaidi kwa sababu utamjua mbele, akasema, "Mimi nitashika slaidi." Kazi haijaanza, hata mada hatuna, mtu ameshajichukulia slaidi!

Mada nikaitoa mimi: shida za soko kwa wakulima wa zabibu. Nimekaa Dodoma mwaka wa tatu huu, na zabibu nilikuwa nazijua za kwenye beseni pale mabasi yanaposimama, basi. Nikaona aibu. Tukapata barua ya utambulisho, tukaenda kwa mtendaji wa mtaa mmoja upande wa Hombolo (kwenye makaratasi unaitwa mtaa kwa sababu uko ndani ya Jiji, ukifika ni kijiji kabisa), akatupa orodha ya wakulima 150. Tukapiga ile fomula ya Yamane, ya kujua uhoji watu wangapi, ambayo kila ripoti ya mwanafunzi nchi hii inayo kama chumvi kwenye mboga: 150 gawanya kwa (1 jumlisha 150 mara 0.1 kipeo cha pili). Jibu 60. Watu kumi, madodoso 60. Sita kila mtu. SITA. Siyo sitini, sita.

Tukakubaliana Jumamosi, kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Wakatokea wanne. Mmoja anaumwa, mmoja ana msiba, mmoja simu haipatikani, hao wengine hata kudanganya hawakujisumbua. Tukaenda wanne kwa nauli zetu, na bumu (pesa ya mkopo) lilikuwa halijaingia. Kufika saa sita mchana, jua la Hombolo mnalijua, wawili wakasema kichwa kinauma, wakarudi na bodaboda. Tukabaki mimi na mwenzangu mmoja wa Kondoa, kijana mpole ambaye darasani sijawahi kumsikia akiongea. Kumbe ana akili kuliko sisi wote.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndiyo siku pekee kwenye hiyo kozi niliyojifunza kitu.

Dodoso letu lilikuwa la Kiingereza. Tulilitunga hivyo kwa sababu ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, hakuna aliyefikiri kwamba anayeulizwa ni mkulima. Kwa hiyo kila swali tunalitafsiri papo hapo, mimi kivyangu, mwenzangu kivyake. Jioni tunalinganisha, tunakuta swali la nane mimi niliuliza kama "unaridhika na bei", yeye aliuliza "bei inakutosha". Hayo ni maswali mawili tofauti, wakuu. Mtu anaweza kuridhika na bei ambayo haimtoshi kwa sababu mwaka jana ilikuwa mbaya zaidi. Mzee mmoja aliniambia hivyohivyo.

Swali la kumi na moja: "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Mkulima wa zabibu anavuna mara mbili kwa mwaka. Kwa mwezi gani? Nilimuuliza baba mmoja, akanitazama, akamtazama mkewe, wakacheka wote wawili. Akasema, "Binti yangu, andika sifuri, halafu mwezi wa tatu rudi uandike nyingine." Mwenzangu akachukua kalamu, akafuta "mwezi", akaandika "msimu". Swali likapona hapohapo. Hakuna lekcha iliyonifundisha hilo.

Na wazee wengine wanaongea Kigogo tu. Sisi tunajua salamu yao tu, "mbukwenyi", tukishaisema tumeishiwa. Dereva wa boda ndiye aliyetutafsiria, akawa anajibu mengine mwenyewe kabla bibi hajamaliza. Mwenzangu akamwambia kwa adabu, "Kaka, tunaomba ya bibi kwanza, yako tutaiandika pembeni." Na kweli akaiandika pembeni.

Huyo bibi ndiye aliyenimaliza. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Kabla sijauliza chochote akaniuliza yeye, kwa Kiswahili chake cha polepole: "Mjukuu wangu, mwaka jana mlikuja, mwaka juzi mlikuja. Mliuliza hivihivi. Mliyoyapata mliyapeleka wapi?" Nikamwambia sisi ni wengine, si wale. Akasema, "Mmevaa nguo zilezile." Alimaanisha zile fulana za chuo. Akajibu maswali yote, lakini mengi alijibu "sijui", na nikaandika sijui. Bei itakuwaje mwakani? Sijui. Mnunuzi anapangaje daraja la zabibu zako? Sijui, anapanga yeye. Akasema zikishaiva hazikusubiri, mvua ikizipiga zinaoza mtini, kwa hiyo anayefika na gari ndiye mwenye bei. Ndiyo maana jirani zake wengine wanakamua wenyewe, wanauza mchuzi. Wakati naondoka akasema nirudi nimwambie tulichokigundua. Nikamwambia nitarudi.

Tulimaliza na madodoso 23. Yamejaa vumbi, moja lina doa la zabibu, moja nililiandikia nyuma kwa sababu maneno ya mzee hayakuenea. Tukarudi usiku. Nikaandika kwenye kundi: tumebakiwa na 37, kesho Jumapili twendeni watu wanane tuyamalize. Kimya.

Jumatatu asubuhi Slaidi akaniletea bahasha. "Yale mengine tayari."

Wakuu, nilifungua ile bahasha pale nje ya kafteria. Karatasi nyeupe pee, kama zimetoka steshenari sasa hivi. Kalamu moja ya bluu, miandiko mitatu. Wakulima 37 na wote wanajua umri wao: 34, 47, 52, 29. Kule nilikotoka mimi nusu ya wazee waliniambia niwakadirie. Hakuna hata mmoja aliyesema "sijui". Hakuna swali lililorukwa. Wote wana kipato cha kila mwezi (swali la zamani hilo, hawakuwa na taarifa kwamba tumelirekebisha). Na kumi na tisa kati yao wanauza zabibu kwa gunia. KWA GUNIA! Hebu fikirieni zabibu ndani ya gunia, zimepakiwa kwenye kirikuu, barabara ya vumbi. Zitafika uji. Kule tulikokwenda wanauza kwa kilo, zinabebwa kwenye kreti na ndoo. Hawa walipikia data bweni la wavulana, mpikaji akiwa na mahindi kichwani.

Bora ya gunia. Mle kwenye ripoti, aliyepewa kuchambua akakutana na majibu yangu halisi yanayosema mkulima anauza "mchuzi". Kwa watu wa huku mchuzi wa zabibu ni ile zabibu iliyokamuliwa inayouzwa kwa watengeneza mvinyo. Yeye akaiweka kwenye jedwali chini ya "matumizi ya chakula nyumbani". Slaidi akasimama mbele ya darasa zima, suti na tai, akasema baadhi ya wakulima hutumia zabibu kama kitoweo. Darasa likacheka. Mwenzangu wa Kondoa akainamisha kichwa hadi mwisho.

Mtauliza, na wewe ulifanya nini? Hapo ndipo hasira yangu inaponirudia mwenyewe. Sikufanya kitu. Ripoti ilikuwa inatakiwa siku hiyohiyo saa kumi jioni. Nikisema, kundi zima sifuri. Mmoja wetu ni mama wa mtoto mdogo, alikuwa na sapu (mitihani ya marudio) mbili, sifuri hiyo ingemsogeza kwenye kudisko, yaani kuondolewa chuo. Nikajiambia ni huruma. Uongo, nilikuwa naogopa pia alama zangu. Nikayachanganya yale 37 na yale 23 kwa mkono wangu, nikayapa namba 1 mpaka 60.

Matokeo: 17 kwa 20. Wote. Aliyetembea juani na aliyetuma stika ya mbuzi, 17. Na pembeni ya jedwali la kwanza mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba data ni nzuri, ila majibu ya "sijui" yamezidi, mtafiti ajitahidi kuyapunguza. Yale "sijui" ndiyo yalikuwa ya kweli! Ya bibi yule!

Kwa hasira nikaingia intaneti kutafuta kama hii shida ni yetu tu. Kumbe mwaka 1913 mhandisi mmoja wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha majaribio ya watu kuvuta kamba. Kadiri wavutaji walivyoongezeka, kila mmoja alivuta pungufu. Wakifika wanane, kila mtu anatoa karibu nusu tu ya nguvu anayotoa akiwa peke yake. Mwaka 1979 Wamarekani, Bibb Latané na wenzake, wakarudia kwa kupiga makofi na kelele, wakakuta uzembe uleule. Halafu mwaka 1981 wakaonyesha kwamba mtu akijua kelele yake inapimwa peke yake, uzembe unaisha. Yaani dawa inajulikana kabla mimi sijazaliwa: kazi ya kila mtu ionekane. Mwalimu angesema tu kila dodoso liwe na jina la aliyelijaza na namba ya nyumba alikolijazia, halafu achague matatu yoyote apige simu kwa mtendaji kuuliza. Matatu tu. Makundi yawe ya watu wanne. Gharama yake nini?

Sitaki mtu aje hapa kuniambia "ndiyo maisha ya kazini yalivyo". Kama maisha ya kazini ndiyo haya basi tuna shida, maana wengi wetu hapa tunaisoma hii ili tukaajiriwe kwenye mipango na takwimu, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko mji huuhuu. Siku moja Slaidi atakuwa anaandika bei ya mahindi yako.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu mpaka ukurasa wa pili. Wanaosema nilitakiwa kutoa taarifa, mko sahihi, nimeshasema. Anayesema nina wivu kwa sababu sikupewa slaidi, kalale. Mkuu aliyeuliza kuhusu mwenzangu wa Kondoa: yupo, muhula huu tumeomba tupangwe pamoja, CR amesema haiwezekani, orodha inafuata namba. Niko kundi la 12, watu kumi na mmoja sasa. Jana mtu ameandika, "Habari zenu wapendwa, nani anaanza?"

Na aliyeuliza kwa nini sijarudi kwa yule bibi. Mkuu, mara mbili nimefika kituoni. Ripoti ninayo kwenye begi, imebaindiwa vizuri, jalada la bluu. Nikishakaa kwenye kile kigoda nimwambie tumegundua nini? Kwamba majirani zake thelathini na saba wanauza zabibu kwa gunia?