Fundi kasema hita ya gesi ya kupasha nyumba "imekufa" na hata kifuniko cha chini HAKUFUNGUA!

Wakuu, kwa hasira niliyo nayo ningeweza kuipasha Minnesota yote bila gesi.

Wote wa Minneapolis na Saint Paul mnamjua fundi huyo, sina haja ya kumtaja. Leo asubuhi, nje nyuzi 11 za Fahrenheit chini ya sifuri, kaingia kwa bibi wa watu mwenye wajukuu wanne ndani. Kashuka besimenti (chumba cha chini ya nyumba), kaipiga hita kofi ubavuni kama anachagua tikiti maji sokoni, katamka: "Hii imekufa. Mpya dola elfu tisa." Dakika tatu! Hata kifuniko cha chini hakufungua!

Hita iliyokufa haiwaki. Ile ya bibi inawaka sekunde tano, inazima, inawaka tena, inazima, mara ya tatu inagoma. Thamostati (kile kidhibiti joto cha ukutani) ikiita, feni ndogo ya moshi inazunguka, swichi ya presha inafunga, kiwashio kinakuwa chekundu, valvu inaachia gesi, moto unashika. Hapo kijiti cha sensa ndicho kinachoiambia bodi (saketi inayoiongoza hita) "moto upo", kwa mkondo mdogo mno wa umeme, kwenye mikroampea 2 hadi 6 kikiwa safi. Kikishika ukoga mkondo unashuka, bodi haiuoni moto hata kama unawaka, inakata gesi ili nyumba isilipuke. Mashine inawalinda wajukuu, yeye anaiita maiti!

Tiba yake: zima swichi ya umeme ya hita, funga koki ya gesi, toa skrubu moja kwa soketi ya robo inchi, vuta kijiti taratibu (kauri yake inavunjika upesi), sugua kile chuma kwa stilwaya laini mpaka king'ae, futa kwa kitambaa kikavu, rudisha. Msasa wa mbao usiguse, unaacha mikwaruzo na uchafu unarudi haraka. Dakika kumi zimetosha.

Halafu mule ndani kuna kitaa, taa ndogo kwenye bodi inayopepesa. Unahesabu mapepeso, unasoma karatasi iliyobandikwa nyuma ya kifuniko, unajua ugonjwa. Mashine inaongea kabisa! Yeye kifuniko hakufungua. HAKUFUNGUA!

Soketi Robo
Huyo huyo ndiye wa "chemba imepasuka", yaani kile chuma cha ndani kinachotenga moto na moshi na hewa ya nyumba. Picha ya ufa haonyeshi, kipimo cha kaboni monoksidi hana, unatakiwa uamini macho yake. Anayesema chemba imepasuka alete picha ya ufa wenyewe, na kipimo cha hewa. Akileta, hapo hakuna mjadala, hita inazimwa, maana ile gesi haina harufu na inaua watu usingizini. Asipoleta, mwite fundi wa pili kabla hujasaini karatasi yoyote.

Mama Besimenti
Mwenye uzi, punguza jazba. Kitaa kinasomwa kabla ya kufungua kifuniko. Hita nyingi zina kijidirisha cha kuchungulia. Ukivuta kifuniko, swichi ya mlango inakata umeme, na kwenye bodi nyingine ile namba ya hitilafu inafutika. Kwa hiyo unamlaumu kwa kutofanya kosa! Umepiga kelele za kifuniko mara nne, hukutaja kijidirisha hata mara moja.

Mwenye uzi
Basi hata KUCHUNGULIA hakuchungulia! Dada, sensa haitoki bila kufungua kifuniko. Kofi ubavuni, dola elfu tisa! Utamteteaje mtu huyo?

Mama Besimenti
Simtetei. Nasema ukimshtaki mwizi, taja alichoiba.

Mpangaji Mchovu
Afadhali huyo bibi kapata wa kumjia. Sisi wapangaji tunaambiwa "vaeni soksi". Sheria ya Minnesota inasema mwenye nyumba ahakikishe joto lisilopungua nyuzi 68 za Fahrenheit kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Piga picha kipimajoto kikiwa katikati ya chumba, si dirishani. Mwandikie ujumbe wenye tarehe, simu haiachi ushahidi. Akinyamaza, Minneapolis piga 311, simu ya huduma za jiji, uombe mkaguzi wa nyumba. Uzi wa kweli ungekuwa huu.

Baridi ya Leicester
Mnalia na besimenti zenu. Huku Uingereza fundi anaona boila (hita yetu ya kuchemsha maji ya kupasha nyumba) imegoma asubuhi ya barafu, anakwambia nunua mpya. Kumbe ni lile bomba la plastiki la maji machafu ya boila linalotoka nje ukutani limeganda! Mimina maji ya vuguvugu juu ya bomba, SI ya kuchemka, yatalipasua. Barafu ikiachia, bonyeza kitufe cha kuwasha upya. Presha ya maji, boila ikiwa baridi, iwe bar 1 hadi 1.5. Fundi asiye na kadi ya Gas Safe (usajili wa mafundi gesi wa huku) asiguse hata skrubu.

Soketi Robo
Huku pia yapo. Zile hita zenye mabomba meupe ya plastiki, theluji ikiziba midomo yake nje, swichi ya presha haifungi na hita haianzi kabisa. Koleo dakika mbili, hita inanguruma. Mrija wa kutoa maji ya hita ukiziba, dalili ni hiyo hiyo.

Mtu wa Columbus
Filta ya hewa ya hita jamani, FILTA. Mnaweka zile nene za kuzuia vumbi, mnazisahau tangu Agosti. Hewa haipiti, chuma kinachemka, swichi ya joto kali inakata moto, feni inapuliza baridi, mnaita fundi. Filta ya inchi moja haimalizi miezi mitatu wakati wa baridi.

Mpangaji Mchovu
Na wanaopandisha thamostati hadi 85 wakidhani itapasha haraka? Hita ya kawaida inapasha kwa kasi ile ile, tofauti ni kwamba haijui kunyamaza.

Mama Besimenti
Hao afadhali. Wanaonitisha ni wanaoingiza jiko la mkaa ndani hita ikigoma, au kufungua oveni ya gesi usiku kucha. MSIFANYE. Hita ya umeme ya wati 1,500 inavuta ampea 12 na nusu, ichomekwe ukutani moja kwa moja. Ekstensheni zile nyembamba zinayeyuka. Acheni bomba la jikoni lidondoke na mfungue milango ya kabati chini ya sinki, mabomba yasigande.

Mwenye uzi
Wakuu, tumemsahau mtu wa kofi.

Mtu wa Columbus
Filta 16x25x1 kuna anayejua zinakouzwa kwa katoni?

Baridi ya Leicester
Boila haina filta hizo, huku tunapumua tu.

Mtu wa Columbus
Sikukuuliza wewe wa Leicester. Katoni ya sita, nani anajua?