Wauza majarida ya zamani, acheni kukata majalada!

Wakuu, kama lugha itakuwa kali mnivumilie, nina hasira.

Kuna muuzaji wa mtandaoni (simtaji, anajijua) alitangaza toleo la Joe, jarida la vichekesho la Kenya, la miaka ya 70, "safi, halijaguswa". Picha aliyoweka ni ya jalada tu. Nikatuma hela, mzigo ukaja na basi la Nairobi. Nafungua, nakuta jalada la mbele peke yake, limekatwa kwa wembe na kupigwa plastiki ya moto kama kitambulisho cha shule. Namuuliza jarida lenyewe liko wapi, eti "bosi, watu wanataka picha ya ukutani, huko ndani ni maneno tu".

Maneno tu! Joe lilianzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973, likafa 1979. Hirst hakuchora majalada tu, alichora na katuni za ndani. Humo kuna hadithi fupi, vichekesho vya maisha ya Nairobi, hata matangazo ya biashara ambayo leo ni historia. Hayachapwi tena hayo, ukikata moja limepungua moja.

Halafu jalada la jarida la pini, lile lililobanwa katikati, ni karatasi moja iliyokunjwa. Ukikata upande wa mbele, wa nyuma hauna cha kuushika, kurasa zinaanza kuachia. Na hiyo plastiki gundi yake inayeyukia kwenye karatasi, haibanduki tena bila kuondoka na wino. Tundika hapo kwenye mwanga wa dirisha uone rangi zitakavyopauka.

Sani za zamani, yale majarida ya katuni ya Tanzania, nazo zimeanza kukatwa hivyo hivyo, mhusika wake Ndumilakuwili anaishia kwenye fremu ya mgahawa ambao mwenyewe hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja. Muuza maandazi anayefungia karatasi namwelewa, kanunua kwa kilo, hajui. Wewe unayepandisha bei kwa sababu ni la zamani unajua kabisa unachoharibu. Unataka picha za ukutani? Skani, chapa, uza, useme ni kopi.

Hela nimeidai, kanipiga bloku.

Kama kuna aliyenunua au kuokota kurasa za ndani za Joe zisizo na jalada, usizitupe. Nazinunua hivyo hivyo zilivyo, hata kama zina kutu ya pini. Njoo PM.